Kazi ya Kupima Programu: Jinsi Kijana wa Vanga Anavyoweza Kujiandaa kwa Mahojiano

Machi 2013, Wakenya waliokuwa wakifuatilia matokeo ya uchaguzi kwenye runinga waliona idadi ya kura zilizokataliwa ikipita laki tatu. Baadaye tume ya uchaguzi, IEBC, ilieleza kuwa hitilafu ya programu ya kompyuta ilikuwa ikizidisha kura hizo mara nane. Kunasa kosa kama hilo kabla programu haijawafikia wananchi ndiyo kazi ya mhandisi wa ubora wa programu.

Kazi yenyewe

Mhandisi huyu huandaa orodha ya majaribio, huyafanya kwa mkono au kwa kutumia programu nyingine inayoyarudia, kisha huripoti kasoro. Ripoti nzuri hutaja hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa, kilichotokea na aina ya simu au kompyuta iliyotumika. Kuandika tu "haifanyi kazi" hakumsaidii anayerekebisha.

Maswali ya mahojiano

Mara nyingi mwombaji huonyeshwa ukurasa wa malipo na kuulizwa angeupima vipi. Kusema angeweka kiasi sahihi na kulipa hakutoshi. Tuseme ukurasa unapokea kuanzia shilingi 10 hadi 1,000. Makosa mengi hujificha kwenye mipaka, hivyo apime 9, 10, 1,000 na 1,001, kisha sufuri, herufi badala ya tarakimu, na nafasi tupu.

Hapo mkazi wa Vanga ana mengi ya kusema. Mji uko karibu na Tanzania: kuna shilingi mbili, na nambari za simu huanza kwa +254 au +255. Mchuuzi wa samaki akibonyeza "lipa" na mtandao ukatike, akibonyeza tena atakatwa mara mbili? Je, jina kama Ng'ang'a, lenye alama katikati, litakubalika? Maswali ya namna hii humwonyesha mwajiri kwamba mwombaji anamfikiria mtumiaji.

Swali jingine huwa hili: kasoro imegunduliwa siku ya kuzindua programu, utafanyaje? Mwombaji apime madhara kwanza. Rangi ya kitufe inaweza kusubiri. Pesa za mwananchi kukatwa mara mbili haziwezi. Aeleze hatari hiyo kwa ushahidi, ili kiongozi wa mradi aamue akijua ukweli.

Maandalizi

Shahada ya kompyuta husaidia, ingawa si kila mwajiri huitaka. Upo mtihani wa kimataifa wa ISTQB, ngazi ya msingi: maswali 40 kwa dakika 60, na anayepata 26 hufaulu. Ambaye lugha ya mtihani si lugha yake ya kwanza huongezewa dakika 15.

Kabla ya kulipia mtihani, kijana anaweza kufanya mazoezi bila malipo. Programu ya Firefox, kwa mfano, hupokea ripoti za kasoro kutoka kwa mtu yeyote, na nyingi husomeka hadharani. Ripoti chache zilizoandikwa vizuri ni ushahidi wa kazi ambao mwombaji anaweza kumwonyesha mwajiri.

Wakazi wanakumbushwa kujihadhari na matapeli: anayedai pesa ili kukuita kwenye mahojiano asipewe.