Swala Wanapofuata Maji

Mvua ilikosa kunyesha ipasavyo misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, kaskazini na mashariki mwa Kenya. Habari za ng'ombe na mbuzi waliokufa zilienea kila mahali, bali za wanyama wa mwituni zilisikika kwa uchache. Serikali ilipotoa hesabu ya Februari hadi Oktoba 2022, nyumbu waliokufa walikuwa 512.

Nyumbu ni jamaa ya swala, na udhaifu wake ni huu: chakula chake ni nyasi, na hawezi kukaa muda mrefu bila kunywa. Hana budi kuhama, na akikuta ua umeziba njia, safari huishia hapo.

Choroa ana hila zaidi. Jua likiwa kali hapotezi maji kwa kutoka jasho. Huuacha mwili upate joto hadi nyuzi 45 hivi, joto ambalo lingemuua mwanadamu. Ubongo wake husalimika kwa kuwa damu iendayo huko hupozwa kwanza na damu nyingine iliyopoa puani. La ajabu zaidi ni kwamba hupenda kula usiku, saa ambazo majani makavu yamefyonza unyevu wa hewa, basi alapo huwa anakunywa. Swala twiga naye husimama kwa miguu ya nyuma akachuma majani ya juu, na aweza kuishi bila kugusa maji. Digidigi hahami, yeye na mwenzi wake hubaki katika eneo lao dogo, ukame uwe mkali namna gani.

Swala pala hana uwezo huo. Nyasi zikikauka hugeukia majani ya miti, lakini kiu humrejesha majini, na chui na fisi humfuata huko.

Hapo ndipo jambo hili linapowahusu akina mama, maana bwawa lililosalia ndilo hilo wanaloteka wao na watoto. Alfajiri na magharibi ni saa za hatari. Heri kuteka jua likiwa juu, tena kwa kufuatana. Kisima kifunikwe, maana mnyama mwenye kiu hutumbukia humo, na birika la wanyama liwekwe mbali nacho. Maji ya bwawa yachemshwe kabla ya kunywewa.

Watoto nao waelezwe habari ya ndama. Swala wengi humficha ndama kichakani, mama akaenda kutafuta malisho, kisha akarudi kumnyonyesha. Wakati wa ukame malisho yako mbali, kwa hiyo mama hukawia. Anayemwona ndama amelala peke yake humdhania yatima, akamchukua nyumbani kwa huruma, ilhali kufuga mnyama wa mwituni bila kibali ni kosa kisheria. Mama akirudi hukuta kichaka kitupu.