Dumu la petroli kwenye stoo ya pamba

Vijana wenzangu, wiki iliyopita nilipita kwa mkulima mmoja hapa Mwandoya kuangalia pamba yake. Stoo ya bati, dirisha hakuna. Pamba imejaa mpaka juu, pembeni kuna pampu ya kumwagilia nyanya na dumu la petroli la lita 20, katikati godoro, maana usiku analala humo humo kulinda mali. Simu inachajiwa sakafuni kwenye ekstensheni. Nikamuuliza, asubuhi ukiamka unasikia harufu gani? "Petroli, afisa, lakini nimeshaizoea."

Hapo ndipo nilipoogopa. Petroli inatoa mvuke hata kwenye baridi, na jua likiwaka si unaliona dumu linavimba? Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini, unatambaa chini, kule kule kwenye godoro na ekstensheni. Ukifika kama asilimia moja na nusu tu ya hewa, cheche ya swichi inatosha. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 100.

Viwandani hawakisii. Wanaligawa eneo kwa swali moja: mvuke unakuwepo hapa mara ngapi? Ndani ya tangi upo muda wote, hiyo ni kanda 0. Kwenye mdomo wa tangi wakati wa kujaza, unatokea kazi ikienda kawaida, kanda 1. Mahali usipotokea ila kitu kikivuja, tena kwa muda mfupi, kanda 2. Vumbi na nyuzi zinazowaka, kama za kiwanda cha kuchambua pamba, zina kanda zake: 20, 21 na 22. Ndipo wanaamua swichi gani na mota gani ikae wapi.

Sasa stoo ya kijana wetu: dumu linavuja kidogo mfunikoni kila siku na hewa haipiti, kwa hiyo mimi chumba kizima nakihesabu kanda 1. Dumu hilo hilo ukiliweka kwenye kibanda cha wazi chenye kivuli, mbali na pamba, upepo unaupeperusha mvuke na eneo la hatari linabaki dogo.

Dumu na pampu tulivitoa jioni ile ile, na mfuniko akabadilisha. Pampu atajazia huko huko nje, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Ekstensheni bado anabishana nami. Nitapita tena Jumatano.