Usafi wa Vihisi vya Magari na Upozaji wa Vifaa vya Kuvisafishia: Mfano wa Magari Yasiyo na Dereva Mjini Phoenix

1.0 Utangulizi
Kioo cha mbele kinapochafuka, dereva huwasha waipa. Zikishindwa, husimama kando ya barabara na kukifuta kwa kitambaa. Gari lisilo na dereva halina mkono wa kufanya hivyo. Macho yake ni vihisi: kamera, rada na laida, yaani kifaa kinachopima umbali kwa kurusha miale ya leza na kupokea ile inayoakisiwa. Vihisi hivyo hufungwa nje ya bodi, mahali ambapo vumbi, tope, wadudu na matone ya mvua huvifikia kwa urahisi.

Makala haya yanafafanua namna vihisi vinavyosafishwa na kuonyesha kwamba usafishaji hauwezi kutenganishwa na upozaji wa vifaa vinavyoutekeleza. Mfano unaotumika ni mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, ambako kampuni ya Waymo ilifungua kwa umma huduma ya usafiri wa magari yasiyo na dereva mnamo Oktoba 2020. Mji huo hukumbwa na dhoruba za vumbi na joto kali kwa pamoja. Katika kiangazi cha mwaka 2023, ulipitia siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifikia nyuzi 43 za Selisiasi au zaidi.

2.0 Athari za Uchafu kwa Vihisi
Uchafu hauviathiri vihisi vyote kwa kiwango kimoja. Rada za magari hutumia mawimbi ya gigahezi 76 hadi 81, yenye urefu wa takriban milimita 4. Kwa kuwa chembe za vumbi ni ndogo mno kuliko urefu huo, vumbi jembamba haliizuii rada, ingawa tope zito na utando wa maji huidhoofisha. Kwa upande wa kamera, tone moja lililo juu ya lenzi laweza kuficha sehemu kubwa ya mandhari.

Laida huathirika zaidi kwa sababu mwanga wake hupita kwenye kioo mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kioo chenye vumbi kikipitisha asilimia 70 ya mwanga, kinachosalia baada ya safari zote mbili ni asilimia 49 tu. Vitu vinavyoakisi mwanga hafifu ndivyo vinavyotangulia kupotea, akiwemo mtu aliyevaa nguo nyeusi akivuka barabara usiku. Kwa hiyo, usafi wa kioo hicho ni suala la uhai wa watu.

3.0 Mbinu za Usafishaji
Mbinu kuu ni tatu. Ya kwanza ni kunyunyiza kimiminika kwa nozeli, mbinu inayofaa kwa tope na wadudu waliokauka. Ya pili ni kupuliza hewa iliyoshindiliwa na kompresa, ambayo hupeperusha matone na vumbi lisilogandamana. Ya tatu ni kufuta kwa waipa. Magari ya Jaguar I-PACE yanayotumiwa na Waymo, kwa mfano, yana waipa ndogo kwenye laida za pembeni. Kila mbinu ina gharama yake: kimiminika huisha, waipa huweza kukwaruza kioo zikiburuta mchanga, na kompresa huzalisha joto.

4.0 Chimbuko la Tatizo la Joto
Hewa inaposhindiliwa, joto lake hupanda. Hewa ya nyuzi 43 ikishindiliwa hadi mara nane ya kanieneo yake ya awali bila kupoteza joto, kinadharia hukaribia nyuzi 300. Katika hali halisi sehemu ya joto hilo huingia kwenye kuta za kompresa, na ndiyo sababu kompresa ndogo hubuniwa kufanya kazi kwa muda mfupi kisha kupumzika.

Dhoruba ya vumbi huvuruga utaratibu huo. Vihisi huhitaji kusafishwa mara kwa mara, hivyo muda wa mapumziko hupungua. Hewa ya nje inayotegemewa kuipoza kompresa nayo ni ya moto, na vumbi lilelile huziba kichujio na mapezi ya kupozea. Wakati huohuo, kimiminika kinachoangukia kioo cha moto hukauka kabla ya kuondoa uchafu na kuacha michirizi, jambo linaloulazimu mfumo kusafisha tena. Kompresa ikijizima ili isiungue, vihisi hubaki vichafu wakati vinapohitajika zaidi.

5.0 Njia za Kukabiliana na Tatizo
Hatua ya kwanza ni kupunguza kazi yenyewe: programu itambue kihisi kilichochafuka na kukisafisha hicho pekee, badala ya kuvipuliza vyote kwa zamu. Hatua ya pili ni kutumia tangi la akiba. Kompresa hulijaza mapema, hewa hupoa humo, kisha hutolewa kwa mkupuo pale inapohitajika. Hata hivyo, mvuke hugeuka maji hewa hiyo inapopoa. Tangi lisipokuwa na vali ya kuyatoa, maji hayo hurushwa juu ya lenzi. Hatua ya tatu ni kuweka tundu la kuvutia hewa mbali na vumbi la magurudumu, na kuhakikisha mapezi ya kupozea yanafikiwa na fundi kwa urahisi.

Hatua ya nne inahusu uamuzi wa gari lenyewe. Kipimajoto cha kompresa kiunganishwe na programu ya uendeshaji, ili gari lipunguze mwendo au liegeshwe mahali salama kabla uwezo wa kusafisha haujakoma.

6.0 Hitimisho
Mbunifu anayeongeza nguvu ya kusafisha bila kujali joto huikaribisha hitilafu anayoikimbia. Aidha, anayeilinda kompresa kwa kuizima tu huliacha gari likienda bila kuona vyema. Kwa sababu hiyo, usafishaji na upozaji havina budi kubuniwa, kupimwa na kutathminiwa kama mfumo mmoja, na vipimo hivyo vifanyike katika vumbi na joto kwa wakati mmoja.