Goti Lililopasuliwa na Ruhusa ya Kurudi Uwanjani

Miongoni mwa huduma ambazo mlaji hulipia bila kujua anastahili kupata nini ni ile ya mwisho kabisa katika tiba ya goti: ruhusa ya kurudi kucheza. Tunamzungumzia hapa mchezaji aliyekatika ACL, yaani kano ya ndani ya goti inayozuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele, kisha akapasuliwa na kuwekewa kano mbadala.

Kano hiyo, ambayo aghalabu hutolewa sehemu nyingine ya mguu wake mwenyewe, huchukua miezi mingi kujijenga upya. Katika miezi ya mwanzo hudhoofika kwanza, na huo ndio wakati maumivu na uvimbe huwa vimekwisha. Hapo ndipo wengi hudanganyika.

Utafiti wa Delaware na Oslo, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kwa takriban nusu kiwango cha kuumia goti tena.

Hata hivyo, kalenda peke yake haitoshi. Mtaalamu wa fiziotherapia hupima nguvu za misuli ya mbele ya paja na kumrusha mchezaji kwa mguu mmoja, kisha hulinganisha miguu yote miwili. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 90: ikiwa mguu mzima unaruka sentimita 150, uliopasuliwa ufikishe walau 135. Nasi tunaongeza tahadhari: mguu mzima nao hulegea kwa kukaa bila mazoezi, hivyo ulinganifu huo waweza kupendeza kuliko hali halisi. Ni vyema nguvu zake zipimwe mapema, ikiwezekana kabla ya upasuaji.

Kwa maoni yetu, cheti kinachotolewa baada ya goti kupapaswa tu kitandani hakistahili ada yake. Kabla ya kulipa, uliza ni vipimo gani vitafanyika, na udai matokeo kwa maandishi, yenye tarakimu. Iwapo anayekuruhusu ameajiriwa na klabu inayokusubiri kwenye fainali, tafuta maoni ya mtaalamu mwingine. Mzazi wa kijana awe mkali zaidi, kwa kuwa walio chini ya miaka 25 ndio huumia tena kwa wingi, pengine hata goti lile jingine.