Umeme wa Gari la Kifahari Lililotumika: Jinsi Hitilafu Inavyotafutwa

Mercedes-Benz E-Class ya toleo la W211, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2009, ni mfano wazi wa gari la kifahari ambalo bei yake imeshuka sana bila ugumu wa umeme wake kupungua. Mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam hujiandaa kwa gharama za injini na giaboksi, kumbe kitakachomrudisha gereji mara kwa mara ni betri inayokutwa imekufa asubuhi, taa za tahadhari zinazowaka na kuzimika zenyewe, au madirisha yanayogoma siku za mvua. Inasikitisha kwamba magari mengi ya aina hii hubadilishiwa vifaa vya bei kubwa kimoja baada ya kingine kwa kukisia tu, ilhali chanzo cha tatizo mara nyingi ni kitu kidogo ambacho fundi mwenye multimita na subira angekigundua.

Katika magari ya zamani kila taa na kila mota ilikuwa na waya wake kutoka kwenye swichi, na fundi aliufuata waya huo hadi akafika penye kasoro. Mpangilio huo ulianza kubadilika baada ya kampuni ya Bosch ya Ujerumani kutangaza mfumo wa CAN mwaka 1986, mfumo ambao Mercedes-Benz iliuingiza kwenye S-Class mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ambao huwezesha kompyuta ndogo zinazosimamia injini, breki, milango, viti na taa kupashana habari kupitia jozi moja ya nyaya zilizosokotwa pamoja. Dereva wa gari la namna hii anapobonyeza swichi ya dirisha, swichi haipeleki umeme kwenye mota, bali hupeleka ombi kwa kompyuta ya mlango, nayo ndiyo inayoiwasha mota. Ndiyo maana kompyuta moja iliyoharibika, ikivuruga mawasiliano kwenye nyaya hizo, inaweza kuzima vitu ambavyo havina uhusiano wowote na kazi yake.

Uchunguzi wa makini huanzia kwenye betri, hata pale mwenye gari anapoapa kwamba betri ni mpya. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6, na injini ikiwaka altaneta ya magari mengi huipandisha hadi kati ya volti 13.8 na 14.7. Kipimo chenye maana zaidi, hata hivyo, ni kile kinachochukuliwa stata ikizungusha injini, kwa kuwa betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti nzuri ikiwa imetulia, kisha ikaanguka chini ya volti 9.6 inapobebeshwa mzigo. Umeme ukishuka kiasi hicho, baadhi ya kompyuta hujizima na kuwaka upya katikati ya kazi, zilizobaki zikaandika kwenye kumbukumbu kwamba mwenzao hakujibu, na hivyo betri moja dhaifu huzaa orodha ndefu ya hitilafu za breki, usukani na giaboksi ambazo kwa kweli hazipo.

Baada ya betri huja ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye ncha hasi ya betri kupitia injini na bodi ya chuma, na hapa ndipo uchunguzi mwingi hupotea njia. Waya wa ethi wenye kutu kwenye boliti huonekana mzima ukipimwa kwa omu, kwa sababu multimita hupitisha umeme mdogo mno, lakini stata ikivuta ampea 200 ukinzani wa omu 0.01 tu unatosha kupoteza volti 2. Kipimo sahihi huchukuliwa kwa volti: ncha moja ya multimita hugusishwa kwenye chuma kitupu cha injini, nyingine kwenye ncha hasi ya betri, kisha stata huzungushwa; kipimo kikizidi takriban volti 0.2 hadi 0.3, waya huo unapaswa kufunguliwa, kusafishwa au kubadilishwa kabla ya kitu kingine chochote kushukiwa. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna sababu ya kuiruka.

Mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu hufuata baada ya hapo. Magari yaliyouzwa Marekani yalilazimika kuwa na tundu la pamoja la mashine hiyo kuanzia matoleo ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Msimbo unaoanza na herufi P huhusu injini na giaboksi, B vifaa vya ndani ya bodi, C breki na usukani, na U mawasiliano kati ya kompyuta. Msimbo husema mahali lalamiko liliposikika, hausemi mkosaji ni nani: kompyuta huona tu kwamba volti kutoka kwa sensa haziko katika kiwango kinachotarajiwa, na mara nyingi haiwezi kujua kama kilichoharibika ni sensa yenyewe, waya, au plagi iliyoingiwa na maji. Kuifuta misimbo kabla ya kuiandika ni kuharibu ushahidi.

Betri inayokwisha usiku huhitaji uvumilivu wa pekee. Gari likishafungwa, kompyuta zake hulala moja baada ya nyingine, kazi inayoweza kuchukua zaidi ya nusu saa, na baada ya hapo umeme unaotoka kwenye betri hutakiwa kwa kawaida usizidi miliampea 50. Kompyuta moja ikikataa kulala na kuvuta ampea 0.5, betri hupoteza ampea-saa 12 kila siku, kiasi kinachomaliza zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 70 kwa siku tatu. Fundi hodari hufungua boneti na buti, husukuma ulimi wa kufuli kwa bisibisi ili gari liamini kwamba vimefungwa, huweka ufunguo mbali, kisha husubiri. Hachomoi fyuzi moja baada ya nyingine, kwa sababu kuirudisha huamsha kompyuta na kuvuruga kipimo. Badala yake hupima milivolti kati ya vichwa viwili vya fyuzi, ambapo fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri, na fyuzi ndogo ya ampea 10 inayosoma milivolti 1 inapitisha zaidi kidogo ya miliampea 100.

Hitilafu zinazokuja na kuondoka huwa na maeneo yake. Nyaya zinazopita kwenye bawaba za mlango wa dereva na za buti hukunjwa maelfu ya mara hadi zikakatika ndani ya ganda lililo zima. Mifereji ya paa la kioo, ikizibwa na majani, humwaga maji chini ya zulia, mahali ambapo watengenezaji wengi wameficha plagi na kompyuta.

Kompyuta yenyewe hushukiwa mwisho, baada ya kuthibitishwa kwamba inapata umeme, ina ethi, na mtandao wake ni mzima. Mtandao wa CAN wa kasi huwa na vipinga viwili vya omu 120, hivyo betri ikiwa imekatwa kipimo kati ya nyaya zake mbili huwa omu 60. Kikiwa 120, upande mmoja umekatika, na kikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa vipimo hivi kabla ya kulipia kompyuta nyingine, hasa kwa kuwa ile iliyotolewa kwenye gari jingine mara nyingi huwa imefungamanishwa na namba ya chasisi ya gari hilo na haifanyi kazi bila kuprogramiwa upya. Matengenezo yakikamilika, misimbo hufutwa, gari huendeshwa kwenye barabara mbovu, husomwa tena, kisha hufungwa na kupimwa umeme unaovuja likiwa limelala.