Nyota mbili zinapofunikana: jinsi nyota ndogo zinavyopimwa kutoka anga za juu

Katikati ya mwezi Machi, majira ya saa tatu usiku, mkazi wa Kasese au Bwera anayetazama upande wa kaskazini, iwapo mawingu ya Rwenzori yameondoka, ataona nyota mbili angavu zilizokaribiana. Hizo ni Castor na Pollux. Kwa jicho la kawaida Castor ni nyota moja. Kwa hakika ni nyota sita zilizofungamana, na mbili kati yake, hafifu mno kuonekana bila darubini, huzungukana kwa muda wa saa 19 na nusu. Katika kila mzunguko hufunikana mara mbili.

Jambo hilo ni sawa na kupatwa kwa jua: kitu kimoja hupita mbele ya kingine na kuziba mwanga wake. Jozi hiyo ina thamani ya pekee kwa sababu nyota zake ni ndogo. Kila moja ina takriban asilimia 60 tu ya tungamo la Jua, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake. Nyota ndogo za aina hii, hasa zile zinazoitwa vibete vyekundu, ndizo nyingi kuliko zote: takriban robo tatu ya nyota zilizo jirani na Jua letu. Licha ya wingi huo, ni vigumu kuzipima kwa sababu mwanga wake ni mdogo.

Kivuli kinapogeuka kipimo

Tuchukue mfano wa watu wawili wanaozungukana usiku juu ya kilima cha Bwera, kila mmoja na taa yake, nawe umesimama mbali, ng'ambo ya mto Lhubiriha. Kwa umbali huo utaona mwanga mmoja tu. Lakini taa moja inapojificha nyuma ya nyingine, mwanga unapungua. Zikiachana, unarudi kama awali. Bila kuwaona watu wenyewe, utajua kwamba wako wawili, na utajua wanachukua muda gani kumaliza mzunguko.

Wanaastronomia hufanya vivyo hivyo. Huchora grafu ya mwangaza na kutafuta mabonde mawili yanayojirudia. Muda ambao bonde hudumu huonyesha ukubwa wa nyota ukilinganishwa na umbali ulio kati yao. Tofauti ya vina vya mabonde hayo huonyesha ipi ina joto zaidi. Kisha darubini kubwa za ardhini huchambua rangi za mwanga ili kupata kasi ya kila nyota, na kutokana na kasi hiyo hupatikana tungamo lake. Hivyo kipimo cha darubini ya angani na kile cha ardhini hukamilishana.

Kwa nini kutoka angani

Mtu aliye chini ya Rwenzori anajua tatizo la kwanza: mawingu. La pili ni mchana. Jozi iitwayo CM Draconis, yenye vibete vyekundu viwili, hufunikana kwa muda wa kama saa moja na robo tu. Tukio hilo likiangukia mchana au wakati wa mvua, mtazamaji wa ardhini amelikosa.

Njia ya kutazama nyota zikifunikana kutoka angani ina historia katika Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilipima miale ya eksirei, na ikagundua kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 hufifia kila baada ya takriban siku 2, kwa kuwa hupita nyuma ya nyota mwenzake.

Leo kazi kubwa inafanywa na darubini ya TESS ya shirika la NASA, iliyorushwa tarehe 18 Aprili 2018. Hukodolea eneo moja la anga kwa takriban siku 27 kabla ya kuhamia jingine. Katika miaka yake 2 ya kwanza, ilipatikana orodha ya jozi zaidi ya 4,000 za nyota zinazofunikana.

Kubwa kuliko hesabu

Vipimo hivyo vimezua fumbo. Nyota za CM Draconis zina takriban asilimia 23 na 21 ya tungamo la Jua, lakini zote mbili ni pana kwa asilimia chache kuliko nadharia inavyotabiri. Katika jozi nyingine tofauti hukaribia asilimia 10. Wataalamu wengi huona kwamba chanzo ni nguvu za sumaku: nyota zinazozungukana kwa karibu hujizungusha kwa kasi, sumaku yake huongezeka, joto la ndani hupata shida kutoka, na nyota hufura.

Asilimia chache zina uzito wake. Ukubwa wa sayari iliyo mbali hukadiriwa kwa kuulinganisha na nyota yake. Tukikosea upana wa nyota kwa asilimia 5, tutakosea ujazo wa sayari kwa takriban asilimia 16, na huenda tukaiita ya mwamba ilhali imejaa maji au gesi.

Anga iliyo wazi

Data za TESS hutolewa bure kwenye intaneti, na programu za kuzichambua ni za bure pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara wamekwisha kuzitumia kuchunguza nyota ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka. Mwanafunzi wa Kasese mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kufungua data zile zile na kutafuta mabonde mawili yanayojirudia.

Aidha, mstari wa ikweta unapita katika wilaya ya Kasese, karibu na Kikorongo. Kwa hiyo katika mwaka mmoja anayeishi hapo huweza kuona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini. Akianza kwa kuitafuta Castor usiku wa Machi, ataitambua nyota inayoficha ndani yake jozi ambayo sasa anajua jinsi inavyopimwa.