Mto Bondeni, Bomba Kilimani

Mgeni afikapo Njombe hushangaa kuona ndoo vichwani mwa watu katika nchi yenye maji mengi namna ile. Mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na mto Ruhuji huporomoka kando ya mji katika safari yake ya kwenda Kilombero na Rufiji. Lakini mto uko bondeni na nyumba ziko mlimani. Kukaa kando ya maji si sawa na kuwa na maji.

Mwanafunzi wa sekondari aweza kuipima tofauti hiyo kwa kalamu. Meta moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Kuipandisha meta 100 kwahitaji 1,000 × 9.8 × 100, yaani jouli 980,000, ambazo ni kilowati-saa 0.27. Pampu na mota hupoteza sehemu ya nishati, kwa hiyo mita ya umeme itasoma karibu 0.45. Sasa atazamwe mama wa kilo 60 apandaye mlima huo na ndoo ya lita 20. Robo tatu ya kazi anayoifanya ni kuupandisha mwili wake mwenyewe. Maji hupata robo tu. Hakuna mtambo ambao mhandisi angeukubali kwa hasara kama hiyo.

Pampu nayo ina masharti yake. Kinachopandisha maji katika bomba la kunyonya ni kanieneo ya hewa, ambayo pwani huweza kuinua safu ya maji ya meta 10 hivi. Njombe, karibu meta 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na safu hiyo haifiki sana zaidi ya meta 8. Kwa kazi halisi ni pungufu ya hapo. Ndiyo sababu pampu huteremshwa karibu na mto ili isukume maji badala ya kuyavuta. Umeme ukikatika, mji wote hungoja. Mafuta yalipopanda bei katika miaka ya 1970, pampu nyingi za dizeli vijijini Tanzania zilinyamaza, ingawa mpango wa taifa wa mwaka 1971 ulikuwa umekusudia kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya meta 400 ifikapo mwaka 1991.

Ajabu ni kwamba nchi kavu ya Wanging'ombe, iliyo chini ya milima hiyo, ilipata njia nyepesi zaidi. Mradi wa maji ya mserereko uliojengwa huko kwa msaada wa UNICEF ulitumia mteremko wenyewe kuyapeleka maji vijijini bila pampu. Hapo tatizo hugeuka: kila meta 10 za kushuka huongeza kanieneo moja ya hewa, na bomba laweza kupasuka. Hivyo njiani hujengwa matangi yaliyo wazi kwa hewa ili nguvu hiyo iishie humo. Udhaifu wa mserereko uko mwishoni mwa bomba: wa juu wakifungua mno, wa chini hupata upepo.

Makambako, umbali wa kilometa 60 hivi kutoka Njombe, haukukuzwa na maji bali na magurudumu. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, hukutana hapo na barabara kuu na njia ya Songea. Reli na barabara hupenda mgongo wa nchi, maji huukimbia. Umeme haukuwa mbali, kwani njia ya kilovolti 220 ya kwenda Songea huanzia hapo hapo. Makambako, Njombe na Wanging'ombe iliingizwa katika mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India.

Hata hivyo bomba haliumbi maji. Chemchemi zake ziko katika mabonde ambamo wakulima hulima vinyungu wakati wa kiangazi, na ambamo mikaratusi, mti unywao maji kwa pupa, imepandwa kwa ajili ya mbao na nguzo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Katika mabonde membamba ya Njombe, meta hizo 60 mara nyingi ndizo kinyungu chote: ndipo penye unyevu mwezi wa Septemba, na ndipo yanapotoka mahindi mabichi ya kulipia ada ya mtoto.